Siku moja maishani mwangu: kutoka uga wa skala hadi saa ya atomu

Saa 1 asubuhi. Tengeru, Arusha, kuna baridi, Mlima Meru umejifunika wingu. Kazi ya kwanza ni kukagua hesabu za kutanuka kwa ulimwengu zilizoendeshwa usiku kucha. Umeme hukatika bila hodi, kwa hiyo programu huhifadhi matokeo kila dakika 10.

Saa 2. Mwaka 1998 mwanga wa supanova za aina ya Ia, yaani nyota zinazolipuka, ulionyesha kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka. Huenda kinachousukuma ni uga wa skala: kila mahali angani una thamani moja tu, φ, isiyo na mwelekeo. φ huteremka kama kijiko kinachozama kwenye asali, na asali hiyo ni kule kutanuka kwenyewe. Zamani asali ilikuwa nzito, φ ikakwama. Sasa imekuwa nyepesi, nayo inashuka.

Saa 3. Mteremko wetu, yaani nishati V ambayo φ inaishukia, ni V = V₀e^(−λφ); λ, ukali wa mteremko, ni 1. Usihesabu muda kwa sekunde, maana mwanzoni hatua zitakuwa ndogo mno na kompyuta itakwama. Tumia N, yaani logi asilia ya ukubwa wa ulimwengu, kuanzia −14 hadi 0, ambayo ni leo. Kisia V₀, endesha, tazama kama uga umefikia 70% ya nishati yote, rekebisha, rudia. Kosa linalokula muda kuliko yote ni kuchanganya masi ya Planck na ile iliyopunguzwa, ambayo ndiyo kizio chetu cha φ: φ hukosewa mara 5, na grafu bado inapendeza machoni.

Leo w, yaani shinikizo la uga kugawanya kwa msongamano wa nishati yake, inatoka −0.85. Tangu mhamo mwekundu z = 1, yaani ulimwengu ulipokuwa nusu ya ukubwa wa leo, φ imesogea 0.24.

Saa 4, chai na chapati.

Saa 5. Tunaunganisha uga na mwanga: Δα/α = ζΔφ, ζ ikiwa nguvu ya muungano huo. Alfa ni ile konstanti ya karibu 1/137 inayopima nguvu ya umeme ndani ya atomu. Tukiweka ζ = 10⁻⁶, alfa inabadilika kwa 2.4×10⁻⁷. Katika mwanga wa kwasa (kiini king'avu mno cha galaksi ya mbali) uliopenya wingu la gesi, mstari wa chuma wa nanomita 238.2 huhama na ule wa magnesiamu wa 279.6 huhama kidogo sana. Tofauti yao kwetu, ikipimwa kama kasi, ni kama mita 4.5 kwa sekunde, mwendo wa baiskeli. Hapo ndipo penye mtego: mwanga wa taa ya thoriamu, ambao ndio rula yetu, haupiti ndani ya spektrografu (chombo kinachotawanya mwanga kwa rangi) kwa njia ileile ya mwanga wa kwasa, na kosa hilo peke yake laweza kufika mita mia kadhaa kwa sekunde. Isotopu za magnesiamu nazo, yaani atomu zake zenye uzito tofauti, uwiano wake ukiwa tofauti na wa duniani, huigiza mabadiliko ya alfa.

Saa 8 mchana. Oklo, Gabon, vinu vya asili vya nyuklia viliwaka karibu miaka bilioni 2 iliyopita. Samariamu 149 iliyobaki mwambani, ambayo wingi wake hutegemea alfa ya wakati ule, hairuhusu alfa kusogea zaidi ya takriban 10⁻⁷. Yetu ni 7×10⁻⁸. Imepita, kwa shida.

Saa 9. Saa za atomu, ambazo mdundo wake hutegemea alfa. Uga wetu unadai alfa isogee 4×10⁻¹⁷ kwa mwaka. Vipimo vya 2021 vya saa ya ioni (atomu yenye chaji) ya metali ya itabiamu havioni msogeo wowote, na kosa lake ni karibu 10⁻¹⁸. ζ = 10⁻⁶ imekufa. Tukiishusha hadi 2×10⁻⁸ inapona kwa vipimo hivyo vya 2021, ila kwenye kwasa yanabaki mabadiliko ya sentimita 9 kwa sekunde, ambayo hakuna darubini ya leo inayoyafikia.

Saa 11 jioni. Usiku huu tunaendesha mteremko mwingine: φ ishuke kwa kasi zamani, kisha leo ikaribie kusimama. Huo saa za atomu haziubani sana, na kwasa bado zina la kusema. Betri imejaa. λ mpya tumeshaiandika, V₀ inaanza kukisiwa upya.