Kutoka Cuttack hadi Malolos, lugha mbili na sahani ya wali

Miaka mitatu nimepiga kazi jikoni Dubai, mkono wa kulia jamaa wa Odisha, India, mkono wa kushoto jamaa wa Bulacan, Ufilipino, na mimi Mtanga katikati. Usiku wakipiga simu kwao nilikuwa nasikiliza tu zile sauti, sielewi kitu lakini nasikiliza, nikawa najiuliza hivi hizi lugha zao zinakutana wapi. Wenye vitabu watakwambia hazina undugu kabisa, Kiodia (ndo kile kilichokuwa kinaandikwa Kioriya, jina likabadilishwa rasmi 2011) ni ndugu wa Kibengali na Kihindi, na Kitagalog, lugha ya yule wa Bulacan, ni wa ukoo wa Kimalei mpaka Kimalagasi cha hapo jirani zetu Madagaska. Sawa, nakubali. Ila likizo ilipotoka nikasema naenda kusikia mwenyewe, Novemba kwao na huyu, Desemba kwao na yule.

Nilishukia Bhubaneswar, mji mkuu wa Odisha, mdogo wake jamaa akanipokea tukaenda zetu Cuttack. Mama yao, wao wanamwita Bou, hajaniuliza habari ya safari wala nini, kaniuliza "Khaila ki?" yaani umekula? Baadaye yule dogo akanieleza kwamba hilo neno lina ngazi zake, mtoto au mtu wa karibu sana unamwambia khailu, mtu wa kawaida khaila, mtu wa heshima khaile, mkia wa kitenzi ndo unabeba adabu yote. Sisi adabu tunaiweka kwenye shikamoo, wao wameifunga kwenye kila kitenzi kinachotoka mdomoni, huwezi kuiruka.

Na sikio langu likadaka kitu kingine siku ya kwanza ile ile. Wali wanaita bhata, ila ule mwisho haumezwi, Mhindi wa Delhi anasema "bhaat" anakata hapo, Modia lazima amalizie na irabu, kama "bhato" hivi. Jamani mimi mtu wa basi na benki na hoteli, lugha inayopenda kumaliza neno kwa irabu naitambua hata nikiwa usingizini.

Kesho yake tukatoka kwenda kwenye mashamba, ulikuwa msimu wa mavuno. Bibi yangu alikuwa analima mpunga Mombo kwa hiyo ile harufu naijua. Nikaonyesha suke, dogo akasema dhana. Tukarudi nyumbani nikaonyesha gunia, Bou akasema chaula. Sahani ikaja, bhata. Nikakaa kimya kidogo. Mpunga, mchele, wali! Kiingereza chote hiki tunachosifia, kwa mazungumzo ya kawaida kina neno moja tu kwa vitu vitatu, pale Dubai tulikuwa tunapata shida kila siku mtu akiambiwa leta rice, ya gunia au ya sufuria? Ila hapo sijafika Ufilipino bado.

Tulikuwa Cuttack wakati wa Bali Jatra, maonyesho makubwa kando ya mto Mahanadi. Alfajiri ya mwezi mpevu watu wanashuka majini na vijimashua vidogo, vya maganda ya mgomba au karatasi, wanaweka taa ndani wanavisukuma viende. Wanawakumbuka mababu zao wafanyabiashara waliokuwa wanasafiri na upepo wa msimu kwenda Bali, Java na Sumatra. Kwa mtu wa pwani hiyo hadithi haihitaji tafsiri, weka jahazi na kaskazi unaelewa. Lakini nilivyokuwa natazama vile vitaa vikielea nikawaza, njia hiyo hiyo ya bahari ndo iliyobeba maneno ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kwenda mashariki, na mengine yalifika mpaka Ufilipino. Mwalimu kwa Kitagalog ni guro, wakati huku wanasema guru. Tumaini ni asa pande zote mbili. Na dukha, hili liliniuma kidogo, kwa Kiodia ni huzuni, kwa Kitagalog ni maskini.

Nikaenda na Raghurajpur, kijiji cha mafundi karibu na Puri, nikamkuta mzee anaandika kwenye jani la mvumo kwa kalamu ya chuma. Anakwaruza, huoni kitu, jani tupu. Halafu anapaka masizi anafuta na kitambaa, herufi zinatokea nyeusi tii. Zote za mviringo, kama vichwa vyenye mwavuli, kwa sababu mstari mrefu ulionyooka ungechana jani. Hapo nikaelewa jani lenyewe ndo lililoamua sura ya herufi.

Puri kwenyewe hekalu la Jagannath asiye Mhindu haingii, nikasimama nje penye lango la mashariki linaloitwa Singhadwara, lango la simba. Simba kwao ni singha. Wasomi wanasema hilo na simba wetu ni kukutana tu njiani, si damu moja, lakini nilisimama pale na wale simba wawili wa mawe nikajisikia nyumbani.

Sasa Manila. Nimetoka uwanja wa ndege nimepanda basi la Malolos, mji wa Bulacan, bango la kwanza nalisoma: SIMBANG GABI. Simba? Jamaa wa Bulacan, yeye likizo yake iliangukia Desemba, akanieleza simba kwao ni kwenda kuabudu, kanisa ni simbahan, na Simbang Gabi ni misa za alfajiri siku tisa, kuanzia tarehe 16 mpaka 24 Desemba.

Tumefika kwao, mama yake mlangoni: "Kumain ka na ba?" Umeshakula? Nikamkumbuka Bou pale pale. Sikungoja hata nikae, nikauliza wali mnaitaje, kanin. Mchele? Bigas. Mpunga? Palay. Tatu tena! Na kiporo wana neno lake, bahaw, na ukoko ni tutong. Nyie, watu wanaokula kitu kimoja miaka yote hawawezi kukosa majina ya kukiita, hata kama mababu zao hawajawahi kuonana.

Zinapoachana ni kwenye kitenzi, na hapo zimeachana kwelikweli. Modia anasema mun bhata khauchhi, mimi wali nakula, kitenzi kinakaa nyuma. Mtagalog kumakain ako ng kanin, nakula mimi wali, kitenzi mbele. Mimi nakula wali, niko katikati kama nilivyokuwa jikoni. Halafu kitenzi cha Modia mkia wake unabadilika kufuata anayekula, kama ni- yetu ila mkiani. Kumakain haijui, inaweza kuwa yeyote, yenyewe inapasua mzizi katikati: kain, chomeka um inakuwa kumain, mlaji ndo kaangaliwa, chomeka in inakuwa kinain, sasa anayeangaliwa ni samaki aliyeliwa. Sisi tunabandika mbele na nyuma, kuchomeka katikati ya mzizi hatuna. Hii ilinichukua siku nne na karatasi mpaka niielewe, na mama wa watu kwa upole wote anarudia, dahan-dahan, dahan-dahan. Polepole. Bou alikuwa akinimiminia chai ya moto anasema dhire dhire.

Na zote mbili hazibagui mke na mume, Modia se, Mtagalog siya, sisi yeye. Ndo maana jikoni Kiingereza kilikuwa kinatuchanganya wote watatu sehemu ile ile.

Jamaa akanionyesha noti ya peso, kuna herufi za baybayin, maandishi yao ya kale, herufi 17. Nikaweka pembeni picha ya lile jani la Raghurajpur. Sura tofauti, lakini ukirudi nyuma sana zote zinaishia kwa Brahmi, yale maandishi ya Ashoka, mfalme wa kale wa India, yaliyochongwa mwambani Dhauli, nje kidogo ya Bhubaneswar. Lugha hazina undugu ila herufi zina bibi mmoja.

Tarehe 20 saa kumi alfajiri tukaenda simbahan. Nje wanauza bibingka, mkate wa mchele kwenye jani la mgomba, makaa chini na makaa juu, kama mkate wa kumimina wa Tanga, kama poda pitha niliyokula kwa Bou. Tukampigia wa Odisha kwa video, yuko jikoni Dubai. Nikamwita, kaka! Wa Bulacan akasema kaka kwao ni mkubwa wako wa kuzaliwa. Yule wa Odisha akasema hapana bana, kwetu kaka ni baba mdogo, kwa hiyo kuanzia leo mniamkie wote wawili, na hiyo bibingka mnitunzie kipande.