Makaburi Tunayoyapamba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Masomo yetu wiki hii ni Mathayo 23:29-34 na Mathayo 16:13-15. Naomba uyasome yote mawili kabla hujaendelea, maana nitayarudia.

Jumatano iliyopita kwenye jumuiya yetu niligawa vikaratasi. Nilimwomba kila mmoja aandike jina la mtu mmoja maarufu anayemstahi kuliko wengine wote, akunje, anirudishie. Sikuweka sharti jingine. Nilipovisoma kwa sauti, Mwalimu Nyerere aliongoza, Mandela akafuata, halafu askofu mmoja wa zamani, halafu Mama Teresa. Dada mmoja alimwandika bibi yake mzaa mama, akasema kwao kijijini bibi huyo alijulikana kuliko mkuu wa wilaya. Tukampigia makofi. Ndipo kijana wa kipaimara aliyekaa karibu na mlango akauliza, "Mama, mbona wote ni marehemu?"

Nikavipitia tena. Kweli. Hakukuwa na hata mmoja aliye hai. Swali la kijana yule limenikaa moyoni tangu siku hiyo.

Huko Marekani swali kama langu liliulizwa kwa zaidi ya miaka 70. Kampuni ya Gallup, inayojulikana kwa kura za maoni, ilianza mwaka 1946 kuwauliza wananchi ni mtu gani wanayemstahi kuliko wote, na baadaye ikawa inauliza karibu kila mwisho wa mwaka, mwanamume kwa upande wake na mwanamke kwa upande wake, hadi mwaka 2020. Waulizwaji hawakusomewa orodha yoyote. Kila mtu alijibu jina lililomjia. Sharti lilikuwa moja, lile ambalo mimi nilisahau kuliweka: mtu huyo awe hai leo.

Majibu yenyewe hayashangazi sana. Kwa wanaume, mara nyingi aliyetajwa zaidi ni rais aliyekuwa madarakani. Eisenhower aliongoza mara 12, na Obama naye mara 12. Kwa wanawake, Eleanor Roosevelt aliongoza mara 13 na Hillary Clinton mara 22. Mhubiri Billy Graham, ambaye wazee wetu walimsikia hapa Moshi mwaka 1960, aliingia katika kumi bora mara 61, nyingi kuliko mwanamume mwingine yeyote, wala hakuwahi kushika nafasi ya kwanza. Na kila mwaka walikuwapo waliomtaja baba yao, mama yao au rafiki, na wengi zaidi ambao hawakupata jina la kutaja. Nawafikiria sana hao wa mwisho.

Sifa za namna hii hupanda na kushuka haraka. Mwaka 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, watu 39 kati ya kila 100 walimtaja Rais George W. Bush, kiwango ambacho hakuna aliyekuwa amewahi kukifikia. Mwaka 2008 waliomtaja walikuwa 5 kati ya kila 100. Aliyesoma Matendo 14 anaijua hali hiyo. Kule Listra, Barnaba aliitwa Zeu na Paulo akaitwa Herme, ng'ombe wakaletwa ili wachinjiwe sadaka, na kabla sura haijaisha Paulo amepigwa mawe na kuburutwa nje ya mji, wakidhani amekufa.

Lakini sikukusudia kuandika juu ya marais. Nataka tukae kidogo na mtu mmoja, Martin Luther King, mchungaji wa Kibaptisti, Mmarekani mweusi aliyepigania haki za watu weusi.

Mwaka 1964 King alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, na mwaka huo jina lake lilikuwa kwenye kumi bora za Gallup. Mwaka 1965 alikuwamo tena. Baada ya hapo hakuonekana tena kwenye orodha hiyo hadi kifo chake. Mwaka 1966 Gallup waliwauliza Wamarekani wanamwonaje mtu huyu, na 63 kati ya kila 100 wakasema wanamwona vibaya. Naomba usiipite namba hiyo upesi. Hawa hawakuwa wafuasi wa Ku Klux Klan, lile kundi la wabaguzi wa rangi, peke yao. Karibu watu wawili kati ya kila watatu! Ndani yake walikuwamo watu wa kanisani, wanakwaya, walimu wa shule ya Jumapili, watu wa kufunga na kuomba.

Alikuwa amefanya nini? Alikuwa amehama mada. Mahubiri yake dhidi ya ubaguzi wa Alabama na Mississippi, watu wengi wa miji ya kaskazini waliyapenda, kwa sababu yaligusa dhambi za watu wengine, wa mbali, wa kusini. Mwaka 1966 akahamia Chicago. Akaanza kuuliza kwa nini mtu mweusi hauziwi wala kupangishwa nyumba katika mitaa fulani ya mji ule wa kaskazini. Mwezi Agosti alipokuwa akiandamana katika eneo la Marquette Park, jiwe lilimpata kichwani, akaanguka goti moja chini. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Aprili 1967, alisimama katika kanisa la Riverside pale New York akailaani vita ya Vietnam. Magazeti makubwa yakamlaumu. Hata baadhi ya wenzake wa mapambano wakamwambia ameharibu, angebaki kwenye mambo yake. Mwaka mmoja kamili baadaye, siku ileile ya tarehe 4 Aprili, alipigwa risasi Memphis. Alikuwa na miaka 39. Alikuwa amekwenda huko kusimama na wazoa taka waliogoma baada ya wenzao wawili kusagwa hadi kufa na mtambo wa lori la taka.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Mwaka 1999 Gallup walipowauliza Wamarekani juu ya watu waliostahiwa zaidi katika karne nzima ya 20, Mama Teresa alikuwa wa kwanza na King akawa wa pili. Mwaka 2011 waliuliza tena lile swali la 1966. Waliomwona vizuri walikuwa 94 kati ya kila 100. Na mwaka huohuo wa 2011 ikazinduliwa sanamu yake mjini Washington, ya mawe, yenye urefu wa mita 9 hivi.

King hakubadilika katikati ya tarakimu hizo mbili. Maneno yake ni yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba sasa hawezi tena kuja Chicago.

Hapo ndipo Bwana wetu anaposema, "Ole wenu waandishi na Mafarisayo, wanafiki! Kwa kuwa mwajenga makaburi ya manabii, na kuyapamba maziara ya wenye haki." Na anataja hata usemi wao wanapofanya kazi hiyo: kama sisi tungalikuwako zamani za baba zetu, hatungalishirikiana nao katika damu ya manabii. Nadhani walisema hivyo kwa moyo wote, na ndiyo maana mstari huu unanitisha. Wale watu waliwapenda manabii kweli. Walimpenda Isaya, walimpenda Yeremia, walitoa fedha zao kupaka chokaa makaburi. Na Yule waliyekuwa wakisimama mbele yake, wakishika koleo la chokaa mkononi, walikuwa wanatafuta namna ya kumuua.

Halafu tazama mstari wa 34. Hasemi "nilituma". Anasema, "mimi natuma kwenu manabii na wenye hekima na waandishi". Natuma. Kazi ya kutuma inaendelea.

Turudi Kaisaria Filipi, kwenye Mathayo 16. Bwana anawauliza wanafunzi, "Watu hunena Mwana wa Adamu kuwa ni nani?" Hiyo nayo ni kura ya maoni, na majibu yanatolewa kama zinavyotolewa takwimu: wengine Yohana Mbatizaji, wengine Eliya, wengine Yeremia au mmojawapo wa manabii. Nimesoma mistari hii tangu utotoni na nimeihubiri zaidi ya mara moja, na kila mara nilisema kwamba watu walimpa Yesu heshima ndogo kuliko aliyostahili. Wiki hii, kwa sababu ya kijana wa kipaimara, nimeona kitu kingine. Kati ya majina yote hayo, hakuna hata mmoja aliyekuwapo tena. Yohana alikuwa amekatwa kichwa sura mbili nyuma. Eliya alichukuliwa juu karne nyingi kabla. Yeremia, aliyetupwa shimoni akazama katika matope kwa sababu alisema ukweli wakati wa vita, alikuwa amezikwa zamani sana. Nabii aliye hai amesimama mbele yao, anaponya watoto wao, na umati unamheshimu kwa kumwita jina la mtu ambaye hatawasumbua tena.

Ndipo swali la pili, "Nanyi mwaninena mimi kuwa ni nani?" Petro anajibu, "Wewe ndiwe Kristo, Mwana wa Mungu aliye hai." Aliye hai. Na hata huyo Petro, mistari michache baadaye, Bwana alipoanza kusema juu ya msalaba, alimchukua pembeni akaanza kumkemea.

Wapendwa, lazima niseme habari yetu wenyewe, maana nisipoisema nitakuwa nimebaki Marekani kwa makusudi.

Miaka iliyopita usharikani kwetu tulikuwa na mzee mmoja, karani mstaafu wa chama cha msingi cha kahawa. Maisha yake yote alikuwa amepima kahawa za watu na kuandika kilo kwenye vitabu, na mtu hakuwahi kumdai. Tulipoanza ujenzi alikuwa kwenye kamati. Kila kikao aliuliza swali moja, kwa upole, akiwa amevua kofia: stakabadhi za mabati ziko wapi? Aliambiwa zinakuja. Kikao kilichofuata akauliza tena. Watu wakaanza kuguna. Wakasema anataka cheo, wakasema amezeeka, wakasema anawavunja moyo wafadhili. Mchango wa bahasha za ahadi ulipopungua, yeye ndiye aliyelaumiwa. Mwishowe ikapendekezwa apumzishwe kwenye kamati. Walionyoosha mkono kukubali walikuwa wengi, na mimi nilikuwa mmojawapo. Nilijua swali lake ni la haki. Nilikuwa nimechoka tu na vikao kurefuka.

Baada ya hapo aliendelea kuja ibadani, akikaa peke yake. Nilikuwa namwona nikitoka, na mara nyingi nilipitia mlango wa pembeni.

Alipofariki tulifurika. Risala zilisomwa tatu, na zote zilisema alikuwa mtu wa haki, mkweli, asiyependa makuu. Tukachangishana, na kaburi lake pale kihambani, kati ya migomba, tukalijengea marumaru. Ni kaburi zuri. Siku tulipokwenda kulikabidhi, mjane wake alitushukuru, akatupa chai, akatuombea heri. Tulipokuwa tunaondoka alinishika mkono akaniambia taratibu, "Mama, angefurahi zaidi mngemsalimia."

Sijawahi kuyasema haya hadharani hadi leo.

Sitaki tuelewane vibaya. Kuwakumbuka watangulizi wetu ni agizo. Waebrania 13:7 inatuambia tuwakumbuke wale waliotuongoza, tuchunguze mwisho wa mwenendo wao, na halafu inaongeza neno moja zito: tuiige imani yao. Dada aliyemwandika bibi yake alitueleza kwamba bibi huyo aliwanyonyesha watoto wa jirani aliyekufa kwa uzazi, na yeye mwenyewe sasa analea mtoto asiye wake. Huyo amekumbuka sawasawa. Mimi kwa mzee wetu nilitoa mchango wa marumaru, na kwenye vikao vya leo bado nanyamaza.

Na lipo neno la Luka 6:26 ambalo ni chungu kwetu tunaopenda kupendwa: "Ole wenu ninyi watu wote watakapowasifu." Nimejiuliza kwa nini King aliweza kuendelea baada ya 1966, akijua kabisa kwamba watu wamemchoka. Sidhani kwamba hakuumia. Waliomjua wanasema alihuzunika sana miaka ile ya mwisho. Lakini alikuwa amemsoma Isaya 53 kama sisi, juu ya Yule aliyedharauliwa na kukataliwa na watu, "wala hatukumhesabu kuwa kitu", na alijua anamfuata nani.

Kwa hiyo Jumatano hii, tukijaliwa, nitagawa tena vikaratasi. Swali litakuwa jingine. Nitaomba kila mmoja amwandike mtu aliye hai, tena wa karibu, ambaye anatuudhi kwa sababu anayoyasema ni kweli. Sitavikusanya wala kuvisoma. Kila mmoja ataondoka na chake mfukoni.

Changu nimekwisha kukiandika. Ni jina la mtu wa usharika huuhuu, mdogo kwangu kwa umri, ambaye simu zake mbili za wiki iliyopita sikuzipokea. Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, nitapanda hadi kwake. Naomba mniombee nisije nikapita njia ya pembeni.