Udongo ulioongezeka uzito

Gramu 412 kabla ya kuchekecha, gramu 437 baada ya kuchekecha. Nilisoma mstari huo mara mbili kwenye kompyuta, nikacheka, halafu kicheko kikakatika. Udongo ukipita kwenye chekeche unapungua, maana changarawe na mizizi vinabaki juu. Huu wetu ulikuwa umenenepa.

Tulikuwa na mifuko 140 ya udongo wa kupimwa, ili tuwashauri wakulima, kutoka mashamba ya mahindi na bustani za mboga kuzunguka Lubumbashi: bonde la Kafubu, njia ya Kipushi, na kwingineko. Kila mfuko ulibeba udongo wa sehemu 15 za shamba moja, sentimita 20 za juu, uliochanganywa kwenye ndoo ya plastiki. Mwaka uliotangulia tuliandika namba kwenye karatasi na kuitia ndani ya mfuko. Unyevu uliila karatasi, mifuko tisa ikabaki bila mwenyewe, na mimi ndiye niliyetumwa kwenda kuwaomba wakulima udongo mara ya pili. Sitaki kukumbuka.

Safari hii nilichapa msimbo wa QR kwenye lebo za plastiki, mbili kwa kila shamba. Moja ilikaa kati ya mifuko miwili iliyovalishana, nyingine ikafuata sinia la kukaushia. Shambani tulijaza fomu ya KoboToolbox, programu ya kukusanya taarifa kwenye simu, ambayo inafanya kazi hata pasipo mtandao na inashika mahali ulipo. Udongo tuliuanika kivulini. Ukiukausha kwa moto unaozidi nyuzi 40 unaanza kuugeuza. Mizani niliiunganisha na kompyuta kwa waya, nikaandika programu fupi: unaskani lebo, unaweka sinia, namba inajiandika yenyewe. Hakuna mtu kushika kalamu.

Kuponda ndiko kulikotusumbua. Jirani alitushauri tupeleke udongo kwenye mashine ya kusagia mahindi, yeye na bukari (ugali) yake ya jioni! Mwishowe fundi wa kulehemu wa mtaa wa Katuba alitutengenezea ngoma ya wavu wa chuma kisichoshika kutu, wenye matundu ya milimita 2. Inazungushwa na mota, na ndani vipande vya mti mgumu vinavunja madongoa bila kusaga mawe. Mabati tuliyakataa, kwa kuwa yamepakwa zinki na zinki ingeingia kwenye majibu. Sampuli za kupimwa shaba hazikugusa ngoma kabisa, tulizitwanga kwa kinu na mchi wa mti. Mji huu ulianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na vumbi la bustani moja iliyochafuka linatosha kuisingizia bustani safi inayofuata.

Sasa nirudi kwenye zile gramu 437. Nilipanga orodha kwa saa. Sampuli iliyotangulia ilikuwa imepoteza gramu 94, zaidi ya mara mbili ya wenzake, na kati ya hizo mbili palikuwa na pengo la dakika 19. Nikamuuliza mwenzangu aliyekuwa zamu. Akafikiri kidogo, akajipiga paji la uso: umeme ulikatika, ngoma ikasimama na udongo tumboni, akaenda kunywa maji, uliporudi akamwaga sinia jipya juu ya ule wa zamani. Angekuwa anaandika kwa mkono, nadhani angeona namba haipendezi akairekebisha, na mimi nisingejua.

Kwa bahati tunaweka akiba ya kila mfuko kabla ya kuponda, kwa hiyo zote mbili zilirudiwa. Programu nikaiongezea ukali: haipokei lebo mpya mpaka iliyotangulia ifungwe kwa uzito, na uzito ukizidi ule wa mwanzo mstari unakuwa mwekundu. Ngoma nayo ikapewa brashi yake, imefungwa kwa kamba ili isihame.

Wiki moja baadaye mstari mwingine ukawa mwekundu, huu wa pH, kipimo cha uchachu (asidi) wa udongo: namba ikishuka, uchachu unapanda. Tunachanganya gramu 10 za udongo na mililita 25 za maji. Mashamba ya jirani yalitoa karibu 5, hili likatoa 6.8. Nikajua tumevuruga tena. Nikapima akiba: 6.8. Nikapanda pikipiki hadi Kafubu.

Mama mwenye bustani alikuwa anamwagilia lengalenga (mchicha). Nilipomwambia kwamba udongo wake haufanani na wa jirani, alinitazama kama mtoto aliyechelewa shule.

“Mwana wangu, ile njo bulongo ya kichuguu. Nilibebaka na kinga, mara mingi.”

Baiskeli yenyewe ilikuwa imeegemea mwembe. Udongo wa vichuguu vikubwa vya huku una chokaa, inayopunguza uchachu, kuliko udongo mwekundu unaouzunguka, na wakulima wanalijua hilo bila mizani. Mama alikuwa ameutandaza kwenye matuta ya upande mmoja tu. Sisi tukachanganya matuta yote ndoo moja, na kwa wastani ule tungemwambia hahitaji chokaa popote, hata kule ambako lengalenga lilikuwa limedumaa, la manjano.

Simu yangu ilijua bustani iko wapi, lakini fomu haikuwa imemuuliza ameweka nini. Nikaongeza swali la kichuguu palepale, nimesimama kwenye tope, kisha nikachukua udongo upya, kila upande mfuko wake: namba 141 na 142.