Daftari la redio la Septemba 6, 2017

Jumatano ya Septemba 6, 2017 ilikula kurasa mbili za daftari langu la masafa mafupi, na mistari mingi ya alasiri yake ina herufi moja tu kwenye safu ya kituo: H. Maana yake "hakuna kituo". Wasikilizaji wengi huandika walichokisikia na kuruka walichokikosa, na hapo ndipo daftari linapopoteza nusu ya kazi yake.

Redio ilikuwa Tecsun PL-660, ikila betri nne za AA. Adapta ya umeme ilikuwapo, lakini adapta huleta mngurumo kwenye masafa mafupi, kwa hiyo ilibaki kabatini. Antena ilikuwa waya wa shaba wenye ganda, mita 12, kutoka dirishani hadi kwenye mwembe. Mwisho wa waya ulifungwa kwa kamba ya nailoni ya mita moja hivi, ili waya usiguse matawi, maana jani bichi likigusa waya ulio wazi kwenye ncha hula mawimbi, na upepo ukivuma unasikia mikwaruzo. Ncha ya ndani ilikuwa na plagi ya milimita 3.5. Mawingu ya radi yakionekana upande wowote, plagi inatoka na waya unatupwa nje ya dirisha. Huku Tanga jambo hilo halina mjadala.

Safu za daftari zilikuwa tarehe, saa ya UTC (saa ya kimataifa), kilohezi, kituo, lugha, SINPO, kelele na maelezo. SINPO ni tarakimu tano, kila moja kuanzia 5 hadi 1: nguvu ya sauti, kuingiliwa na vituo vingine, kelele, kufifia, na hali kwa jumla. Wageni huteleza kwenye tarakimu ya pili na ya tatu, kwa sababu 5 pale ni sifa njema: hakuna kituo kinachoingilia, hakuna kelele. Kituo kisipokuwapo usiandike 11111. Hiyo inasema umekisikia vibaya sana. Andika H.

Safu ya kelele niliitenga na SINPO kwa makusudi. Tarakimu ya tatu inakuambia kelele ni kubwa au ndogo, haisemi ni ya nani. Pale nyumbani palikuwa na chaja ya simu ya jirani iliyotoa mngurumo uliojirudia kila baada ya kilohezi 60 hivi, na mmoja wa miguno hiyo uliangukia karibu na 14940. Ni kero, ila ilikuja kufaa.

Kuhusu saa, msikilizaji wa huku ana saa mbili kabla hata hajafika kwenye UTC: ya mdomoni na ya kwenye simu. Njia fupi niliyoiandika ndani ya jalada ni hii. Kwa saa za mchana za Kiswahili, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ongeza tatu: saa 9 alasiri ni 12:00 UTC. Kwa saa za usiku ongeza kumi na tano, ikifika 24 au kuzidi toa 24. Tarehe ya UTC inabadilika saa 9 usiku, siyo usiku wa manane, na ripoti za mapokezi zinazoandikwa usiku mkubwa hukosewa tarehe kwa sababu hiyo.

Kila siku kulikuwa na mistari ya kudumu, masafa yaleyale kwa dakika zilezile. Mhimili wake ulikuwa RWM, kituo cha Moscow kinachorusha alama za saa sahihi, kwenye 14996 mchana na 9996 usiku. Ni kituo cha kilowati chache tu, wala si kituo kikubwa cha matangazo, hivyo hali ya anga ikiyumba kidogo kinaonyesha mapema. Hakina maneno. Ukikisikiliza kwenye AM utasikia kelele inapungua tu, basi. Washa SSB (namna ya kupokea upande mmoja wa wimbi), chagua USB, yaani upande wa juu, weka 14995, nacho kitalia kama filimbi ya hezi 1000.

Ratiba yake lazima uijue kwa kichwa. Kuanzia dakika ya 0 hadi karibu na ya 8 ni filimbi isiyokatika. Dakika ya 8 kimya. Dakika ya 9 kinataja jina lake kwa alama za Morse. Kuanzia ya 10 ni mapigo kila sekunde, kuanzia ya 20 ni mapigo kumi kwa sekunde, na ikifika nusu saa mzunguko unaanza upya. Asiyejua hilo ataandika H dakika ya 8 au ya 38 na kudhani amegundua jambo.

Siku hiyo dalili ya kwanza ilijitokeza mchana. Mstari wa 0920 UTC, saa 6:20, unasema: 14996, H, na pembeni "jana 35343". Saa moja baadaye kimerudi, 25332. Kituo cha Kiarabu cha Riyadh kwenye bendi ya mita 16 (mita zikipungua, kilohezi huongezeka) hakikuzimika mchana huo, kilipungua tu nguvu kutoka 4 hadi 3. Mstari wa namna hiyo ukiwa peke yake hauna uzito. Nuru yake ilikuja baadaye.

Alasiri niliwasha mapema. Saa 8:50, yaani 1150 UTC, RWM ilianza mapigo yake kumi kwa sekunde, yakisikika vizuri. Kuanzia 1154 yalianza kuzama. Kufifia kwa kawaida ni kwa kupanda na kushuka. Sauti inakwenda, inarudi. Huku kulikuwa kushuka tu. Kufika 1157 mapigo yalikuwa hayapo. Nikahamia mita 16: Riyadh bado ipo, 2, inakwenda. Saa 9:01 alasiri nayo H. Nikapanda na kushuka bendi za mita 31, 25, 19, 16 na 13. Zote H, isipokuwa mnong'ono usiotambulika mita 13, nao ukakata.

Hatua za kukagua redio kabla ya kulaumu anga ni chache. FM kwanza: vituo vya mjini vilikuwa kama kawaida, kwa hiyo betri na spika ni nzima. Kisha 14940: mngurumo wa chaja ya jirani upo palepale, kwa hiyo antena imeunganishwa na upande wa masafa mafupi unapokea. Ukichomoa plagi, mngurumo unapungua, ukirudisha, unapanda. Hilo likitimia, waya haujakatika. Kitu cha tatu wengi hawakiangalii: ile kelele laini ya kawaida, inayotokana na radi za mbali, nayo ilikuwa imepungua. Radi za mbali husafiri kwa njia ileile ya vituo, zikimezwa vituo nazo zinamezwa. Redio yenye antena mbovu inapoteza kelele za mbali na za karibu kwa pamoja. Hapa zilipotea za mbali peke yake.

Simu ikaita, kijana wa Morogoro ambaye tulikuwa tukibadilishana masafa.

"Shikamoo kaka. Huko kwako mita 19 ipo?"

"Marahaba. Haipo. Usifungue redio, andika dakika."

"Nimeshafungua, kaka. Nimetoa na betri."

Alikuwa na kumbukumbu ya "baada ya chakula cha mchana", basi. Huwezi kulinganisha hiyo na kitu chochote.

Urejeo ndio sehemu ninayopenda zaidi kwenye kurasa zile, kwa sababu ulikuja kwa mpangilio. Mita 13 na 16 zilianza kupumua karibu 1225 UTC. Mita 19 ikafuata. RWM kwenye 14996 nilianza kuikisia 1250, mapigo kumi kwa sekunde yakiwa chini ya kelele, na mstari wa 1300 unasema 15421, filimbi tu, bila shaka yoyote. Mita 31 ilikuwa ya mwisho, ingawa kwa saa ile ya alasiri hata siku njema si bendi ya kutegemea.

Mpangilio huo unatokana na namna mawimbi yanavyomezwa. Mlipuko kwenye jua hutoa mionzi ya eksirei, inayofika duniani kwa dakika 8 hivi, sawa na mwanga. Inachaji zaidi tabaka D la ionosfea (sehemu ya juu ya anga yenye chaji za umeme), kilomita 60 hadi 90 juu yetu. Tabaka hilo halirudishi mawimbi mafupi ardhini. Linayala yanapopita kwenda juu na yanaposhuka. Ulaji hupungua kwa kadiri ya mraba wa masafa, ndiyo maana ya chini hutangulia kufa na huchelewa kufufuka. Moscow hadi Tanga ni kama kilomita 7,000, mirukio miwili au mitatu kati ya ardhi na tabaka za juu zaidi, na kila mruko unalipitia tabaka D mara mbili. Saa 9 alasiri njia yote hiyo ilikuwa kwenye mwanga wa jua.

Takwimu za NOAA, idara ya Marekani inayofuatilia hali ya jua, zilipotoka, nilizijaza pembeni kwa kalamu nyekundu. Mlipuko wa X2.2 (X ndilo daraja la juu kabisa la milipuko ya jua) ulifika kilele 0910 UTC. Hapo ule mstari wa 0920 ukapata mwenyewe. Wa pili, X9.3, ulianza 1153 na kufika kilele 1202, nao ulikuwa mkubwa kuliko wote wa mzunguko wa 24 wa jua, mzunguko mmoja ukiwa wa miaka kama 11. Yote miwili ilitoka kwenye kundi la madoa ya jua namba 2673. Alasiri hiyohiyo kimbunga Irma kilikuwa kikipiga visiwa vya Karibi, kwao ikiwa asubuhi, na mawasiliano ya dharura ya masafa mafupi huko yalikatika pia.

Kundi lile liliendelea kufyatua. Jumapili ya Septemba 10 lilitoa X8.2, kilele 1606 UTC, karibu sawa na ule wa Jumatano kwa nguvu. Kwetu ilikuwa saa 1:06 usiku, jua limeshazama Tanga, na Moscow nako ndiyo kwanza limezama. Mlipuko huo uliwaangukia Wamarekani, waliokuwa mchana. Mstari wangu wa kudumu wa jioni hiyo unasomeka hivi: 1606, 9996, RWM, 35433, kelele kawaida, maelezo hakuna.