Kifyatulio Chenye Mistari

Jirani yangu hapa Minnesota, mzee anayewinda kulungu kila Novemba, aliniita nyumbani kwake jioni moja nimsaidie kutazama kifyatulio cha bunduki yake, kwa kuwa macho yake yamepungua nguvu. Bunduki yenyewe ni Remington Model 700 aliyorithi kwa baba yake. Aliichomoa boliti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, akanimulikia kwa tochi nione kuwa chemba haina risasi, kisha akaniwekea bunduki mezani, mtutu ukielekea ukutani. Nilipitisha ukucha kwenye uso wa kifyatulio, pale kidole kinapokaa, nikahisi mistari myembamba iliyochongwa kwenye chuma. Nilipomwambia kuwa ina mistari, alinyamaza kwa muda mrefu.

Alikuwa na sababu ya kunyamaza. Tarehe 11 Aprili 2014, Remington, kampuni iliyotengeneza bunduki hiyo, ilitangaza kuwa wenye bunduki za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio kiitwacho X-Mark Pro, zilizotengenezwa kati ya tarehe 1 Mei 2006 na tarehe 9 Aprili 2014, waache kuzitumia mara moja na kuzirudisha zikarekebishwe bila malipo. Kampuni ilieleza kwamba gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha vipande ingeweza, katika hali fulani, kuifanya bunduki ifyatuke yenyewe. Njia ya kutambua ilikuwa rahisi: uso wa kifyatulio ukiwa laini, bunduki inahusika, ukiwa na mistari, haihusiki. Mzee alilisoma tangazo hilo mwaka ule, akaigusa mistari, akashukuru Mungu na kuirudisha bunduki kabatini.

Lakini mistari ile ndiyo alama ya kifyatulio cha zamani zaidi, kile kilichobuniwa na mhandisi Mike Walker, ambacho kimelalamikiwa kwa miaka mingi kuliko hicho kipya. Ndani yake kuna kipande kidogo cha chuma ambacho hakikufungwa kwenye kifyatulio, bali kinashikizwa hapo kwa nguvu ya springi tu. Kila bunduki inapofyatuliwa, kipande hicho husogea mbele kidogo na kurudi, na kwa hiyo uchafu, mafuta yaliyoganda au chembe ya chuma inaweza kuingia katika mwanya huo na kukizuia kisirudi mahali pake kikamilifu. Mwenye bunduki haoni tofauti yoyote, kwa sababu swichi ya usalama ikiwa imefungwa ndiyo inayobeba mzigo wote. Akiifungua, hata bila kugusa kifyatulio, pini inayogonga risasi inaweza kuruka na risasi ikatoka. Walker mwenyewe alipendekeza kizuizi cha ziada mwaka 1948, ambacho kingeongeza gharama ya senti 5 na nusu kwa kila bunduki, na kampuni haikukiweka. Kila nikiifikiria hesabu hiyo naumia.

Naumia zaidi nikikumbuka kisa cha Montana, Oktoba 2000. Familia ilikuwa imerudi kutoka mawindoni, na mama alipofungua swichi ya usalama ili atoe risasi, bunduki ililia na kumuua mwanawe wa miaka 9. Baba wa mtoto huyo alitumia miaka mingi kukusanya nyaraka za kampuni na kuwaonya wamiliki wengine. Remington kwa upande wake iliendelea kukana kuwa kifyatulio kina kasoro, hata ilipokubali, katika suluhu ya kesi ya wamiliki iliyoidhinishwa na mahakama Machi 2017, kuwabadilishia wamiliki vifyatulio. Bunduki zilizohusika zilikuwa takriban milioni 7.5. Madai ya vifyatulio vipya yaliyokuwa yamewasilishwa wakati huo yalikuwa kama 22,000.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini waliodai walikuwa wachache hivyo, na siamini kuwa ni uzembe peke yake. Sisi tuliotoka Tanzania tumezoea kwamba kila silaha ina leseni na polisi wanajua iko kwa nani. Huku, sheria ya mwaka 1986 inaikataza serikali ya shirikisho kuwa na daftari la taifa la wamiliki wa bunduki, na Model 700, ambayo imekuwa sokoni tangu 1962, huuzwa mkono kwa mkono na kurithiwa, hivyo barua ya kiwanda haijui iende wapi. Tena tume ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa, ambayo inaweza kuamuru kibaniko cha mkate kiondolewe madukani, haina mamlaka hayo juu ya bunduki.

Kisha kuna maneno ambayo mzee wangu aliyasema, na nadhani maelfu wameyasema: bunduki hii haijawahi kunisumbua, na mimi ni mwangalifu. Nilimjibu kwa heshima kuwa uangalifu wake ndio uliofanya asipatwe na balaa, kwa sababu mtutu wake hauelekei mtu, lakini uangalifu hauwezi kuondoa mwanya ulio ndani ya chuma. Huyo mama wa Montana naye alikuwa anatoa risasi, jambo ambalo kila mwangalifu hulifanya.

Muda wa kudai kifyatulio kipya kwa suluhu ile uliisha mwaka 2020, na Remington yenyewe ilifilisika mwaka huo huo na kuuzwa vipande vipande. Kilichobaki ni fundi wa bunduki, ambaye anaweza kuweka kifyatulio cha kampuni nyingine kisicho na kile kipande. Mzee aliuliza bei, akahesabu kimoyomoyo, akasema atampigia fundi simu asubuhi. Bunduki aliirudisha kabatini. Boliti aliifunga kwenye kitambaa, akaiweka katika droo ya jikoni, na ufunguo wa droo akanipa mimi nikae nao mpaka kazi iishe.