Kurudi Lushoto: agiza chakula kwanza, ndipo uende Irente

Tuliorudi Usambara baada ya miaka mingi ughaibuni tuna kosa moja tunalolirudia. Tunakodi gari Lushoto mjini, tunapelekwa hadi Irente, ukingo wa mlima unaotazama uwanda chini, tunapiga picha, tunageuza. Dakika 20 tu, na watoto waliozaliwa mbali wanabaki wakiuliza ndiyo nyumbani kwenyewe huku? Irente haitaki gari. Inataka miguu, na njaa kidogo.

Njia ni kilomita 6 hivi kutoka mjini. Kwa mwendo wa familia, hesabu saa moja na nusu hadi mbili kwenda tu. Mtapita Yoghoi, katikati ya migomba na viunga vya mboga, na watu watawasalimu. Aliyesahau Kisambaa akumbuke angalau "Onga maundo" ya asubuhi na "Onga mshi" ya mchana. Jibu ni "Niwedi". Wazee wapewe shikamoo yao, hata kama miguu imeanza kuuma.

Kabla ya kufika ukingoni mtalikuta shamba la Irente, lililo chini ya Kanisa la Kilutheri. Hapo ndipo watu wanapopitiliza. Simameni, agizeni chakula, semeni mko wangapi, kisha mwendelee na safari. Kikundi kikizidi watu watano au sita ni vyema kupiga simu jana yake, maana jiko la shambani halina sahani zilizokaa tayari. Mkienda kwanza ukingoni na kurudi mchana mkiwa hoi ndipo muagize, mtasubiri, na anayesubiri kwa njaa haonji kitu vizuri.

Kinacholetwa ni mazao ya shamba na jirani zake: mkate wa rai (nafaka inayofanana na ngano), jibini laini, jemu, mboga mbichi, juisi ya matunda na chai. Mkate huo ni urithi wa Wajerumani, walioipanda milima hii na kuuita mji wa Lushoto Wilhelmsthal, kwa jina la mfalme wao. Ni mweusi, mzito, na una uchachu kidogo. Unga wa rai hauvutiki kama wa ngano, hewa haikai ndani, kwa hiyo mkate hauumuki sana. Usiukate mnene kama boflo: kipande chembamba, jibini juu yake, jemu juu ya jibini. Mtoto akiukataa mara ya kwanza, mpe na jemu nyingi. Wazee waliozoea bada, ugali wa muhogo, hawashangazwi na uzito wake. Desemba na Januari pichesi na plamu huwa zimejaa Lushoto, kwa hiyo ulizeni kama zipo.

Toka shambani hadi ukingoni ni mwendo wa nusu saa hivi. Kuna ada ndogo ya kuingia. Bebeni taslimu, tena noti ndogo. Mwamba unakatika ghafla na uwanda unaonekana chini, karibu mita 1,000. Kijiji kilicho chini yenu ni Mazinde. Hapo ndipo Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, alipoweka makao yake, wakati baba yake alitawala kutoka Vugha huku milimani. Semboja alishuka kwa sababu misafara ya biashara ilipita chini, na aliyekaa njiani ndiye aliyepata bunduki na nguo. Waonyesheni watoto barabara ya Moshi na njia ya reli iliyofika Mombo mwaka 1905, pamoja na mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari. Ukiitazama ramani hiyo kwa macho, unaelewa mara moja kwa nini nguvu ya Wakilindi, ukoo huo wa watawala, iligawanyika kati ya mlima na uwanda.

Saa nzuri ni kuanzia saa nne asubuhi. Kabla ya hapo ukungu huweza kuwa umefunika kila kitu, hasa Juni hadi Agosti, na baridi ya miezi hiyo huwashangaza hata waliotoka Ulaya: bebeni sweta. Kiangazi kikikolea, vumbi la uwandani huufifisha upeo wa macho. Siku inayofuata mvua ndiyo huonyesha mbali zaidi. Machi hadi Mei udongo mwekundu huteleza kama sabuni, kwa hiyo viatu viwe na meno, na mwamba ukilowa watoto washikwe mkono. Wanaotaka kuona jua likizama wapange bodaboda ya kuwarudisha, au wabebe tochi, kwani giza huingia upesi.

Vijana watajitolea kuwaongoza njiani. Wengi wanazijua njia vizuri na wanastahili malipo, lakini kubalianeni bei mapema, mbele ya wote, na muulize kitambulisho cha ofisi ya utalii ya mjini.

Kwa anayekuja na gari lake: Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona tupu, kupitia Soni. Wenye kichefuchefu wakae mbele na wasile kizito Mombo. Wakati wa kushuka tumia gia ndogo tangu juu. Ukikanyaga breki njia nzima zitapata moto na kulegea kabla hujafika chini. Masika yakiwa makali, ulizeni kwanza, maana udongo huweza kuporomoka na kuziba barabara.

Mkate wa kumpelekea bibi uombeni pale mnapoagiza chakula, usije ukaisha. Nendeni na kikapu au kitambaa, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Mkate ukifungwa kwenye kitambaa unakaa siku kadhaa bila kuharibika, na siku ya pili ladha yake huwa imetulia zaidi.