Pinot noir ya Oregon: usiipime kwa rangi

Mmiminie Mtanzania mwenzako pinot noir, waini nyekundu ya zabibu ya jina hilohilo, hapa Portland, jimbo la Oregon, Marekani, na kabla hajaonja atakuuliza kama umeitia maji. Wageni wangu wengi wameniuliza hivyo, na naelewa. Sisi tuliokulia Dodoma tumezoea waini nyekundu nzito, mara nyingi yenye utamu, na nguvu yake tunaipima kwa weusi wake. Hii ukiinamisha glasi juu ya karatasi, unasoma maandishi.

Siri iko kwenye ganda. Mchuzi wa zabibu karibu zote, hata zile nyeusi, hauna rangi. Wekundu hutoka kwenye maganda yanapolowa ndani ya mchuzi unaochacha. Ganda la pinot noir ni jembamba, hivyo rangi ni kidogo na ukakasi ni kidogo. Wembamba huohuo ndio unaomnyima mkulima usingizi. Vishada vyake vimebanana, na mvua ikija karibu na mavuno, vinaoza. Joto likizidi, harufu inapotea.

Ndiyo maana zabibu hii ilistawi Burgundy, Ufaransa, penye ubaridi. David Lett, mkulima wa zabibu Mmarekani, alipopeleka miche yake Bonde la Willamette, Oregon, mwaka 1965, alikuwa ameonywa kwamba Oregon ni baridi na ina mvua mno. Mwaka 1979, kwenye shindano la waini la Paris, waini yake ya mavuno ya 1975 iliingia kumi bora. Robert Drouhin, mfanyabiashara wa waini wa Beaune, mji wa Burgundy, akaitisha shindano la marudio mwaka uliofuata. Ya Lett ikashika nafasi ya pili. Familia ya Drouhin haikubishana tena: mwaka 1987 ilinunua ardhi Dundee Hills, kulekule Oregon.

Dundee Hills napapenda kwa udongo wake, mwekundu kabisa, uliotokana na miamba ya volkano. Mtu wa Dodoma hawezi kuupita bila kuinama aushike. Lakini kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Huku mzabibu unalala msimu wote wa baridi na mavuno ni mara moja, Septemba hadi Oktoba, kwa hiyo mwaka ulioandikwa kwenye lebo una uzito: mwaka wa jua na mwaka wa mvua havina ladha moja hata shamba likiwa lilelile.

Sasa kuonja. Iwe baridi kiasi, nyuzi 13 hadi 16, wala si ya kugandisha meno. Tafuta glasi yenye tumbo pana, mimina kidogo, zungusha, halafu nusa bila haraka. Kwanza utapata cheri na stroberi. Iache nusu saa uinuse tena: mara nyingi, hasa chupa ikiwa na umri, hapo ndipo hujitokeza uyoga, majani makavu, na ile harufu ya ardhi iliyonyeshewa mvua ya kwanza. Mimi hiyo harufu ndiyo inayonifanya nifungue chupa nyingine. Ukinywa, uchachu wake utakujaza mate. Huo ndio uhai wake, kwa hiyo tafadhali usiongeze soda.

Mezani, inakaa vizuri sana na samaki aina ya salmon, bata au mchuzi wa uyoga. Mbuzi wa kuchoma mwenye pilipili ataizima yote. Siku hiyo fungua syrah, waini nyekundu nzito zaidi.